Kutuma chakula kilichofungashwa kwa meli, Dar es Salaam hadi Marekani: hatua kwa hatua

Swali hunijia karibu kwa maneno yale yale. "Dada, natengeneza viungo vya pilau na korosho za kukaanga. Shemeji yangu ana duka Houston, anataka katoni 200. Natumaje kwa meli?" Jibu nimelitoa mara nyingi kwenye simu, nusu nusu, na kila nikikata simu nakumbuka nililosahau. Sasa naliandika lote.

Nitakwenda na mfano huo huo hadi mwisho: katoni 200 za chakula kikavu, kwenye kontena la kuchangia na wafanyabiashara wengine. Anayejaza kontena zima, au anayepeleka Uingereza au Oman, atakuta kazi ya kufunga na kupakia ni ile ile. Sheria za chakula za huko aziulize upya.

Jambo moja kabla ya yote: usianzie jikoni kwako, anzia dukani kwa shemeji. Mizigo ya chakula ninayoiona ikikwama haikwamishwi na bahari. Inakwamishwa na lebo iliyochapishwa kabla ya kuuliza, karatasi zisizolingana na unyevu. Yote matatu yanamalizwa kabla meli haijatia nanga Dar.

Bidhaa yako inafaa?

Kwa safari ya kwanza peleka vitu vikavu visivyo na ugomvi: chai, kahawa iliyokaangwa, viungo, korosho, unga. Hivi viache kwanza:

- Chochote chenye nyama, hata kiungo cha unga chenye mchuzi wa ng'ombe ndani yake. Sheria za magonjwa ya mifugo zitakuzuia.
- Tui la nazi, maharage au samaki wa kopo. Chakula kilichofungwa bila hewa chenye pH (kipimo cha uchachu) inayozidi 4.6 na unyevu wa kutosha kuotesha vijidudu kinataka usajili wa pekee FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, pamoja na maelezo ya namna kila saizi ya kopo inavyopikwa. Achari nyingi za siki nazo zina usajili wa aina hiyo.
- Dagaa na samaki wakavu, kama huna mpango wa usalama wa HACCP ulioandikwa na unaofuatwa.
- Choroko, kunde na mbegu nzima zinazoweza kuota. Hizo zinapita kwa USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, uliza kwanza.
- Ubuyu mwekundu. Najua unapendwa, najua shemeji atauulizia. Lakini rangi nyekundu inayotumika inaweza kuwa E122 au E124, na zote mbili haziruhusiwi kwenye chakula Marekani. Kama humjui aliyekuuzia rangi wala jina lake kamili, usiutume.

Angalia pia muda wa bidhaa. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimekuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, na mzunguko huo unaongeza kama siku 10 hadi 14. Kutoka Dar, pamoja na mzigo kuhamishiwa meli nyingine njiani, mimi huhesabu siku 60 hadi 75, kisha wiki mbili za kuutoa bandarini. Bidhaa ya miezi sita itafika dukani ikiwa imebakiza mitatu, na mwenye duka hataipokea. Iwe na miezi 12 au zaidi siku inapopakiwa.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

Upande wetu:

- Usajili wa BRELA, TIN na leseni ya biashara.
- Cheti cha TBS. Tangu 2019 usalama wa chakula uko kwao, si TFDA tena.
- Cheti cha mionzi kutoka TAEC, tume ya nguvu za atomiki. Wageni wengi hawajawahi kukisikia, nao hukwama dakika za mwisho.
- Cheti cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kutoka TCCIA, chemba ya wafanyabiashara.
- Cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, kama bidhaa inakihitaji. Ghafi karibu zote zinakihitaji; zilizosagwa au kukaangwa, uliza moja moja.
- Kibali cha bodi ya zao, kama ni korosho, kahawa au chai.
- Wakala wa forodha mwenye leseni, atakayeingiza maombi kwenye mfumo wa forodha.

Upande wa shemeji:

- Kampuni iliyosajiliwa itakayoandikwa kama mwagizaji.
- Wakala wa forodha wa huko, na bondi ya forodha, yaani dhamana kwamba ushuru utalipwa. Mzigo wa biashara unaozidi dola 2,500 hauingii bila bondi.
- Mtu au kampuni itakayobeba wajibu wa FSVP, yaani kuonyesha kwa maandishi kwamba imekukagua wewe mtengenezaji na chakula chako ni salama. Mwagizaji mdogo ana masharti mepesi, lakini hasamehewi kabisa.

Ukimtajia shemeji FSVP akakaa kimya, usichapishe hata lebo moja. Mpeni wakala wa huko kazi hiyo kwanza, mkubaliane na ada.

Hatua ya 1: Andikisha kiwanda chako FDA

Usajili unafanyika mtandaoni na ni bure. Utahitaji namba ya DUNS, ya kuitambulisha biashara yako, nayo hupatikana bure, na mwakilishi anayeishi Marekani ambaye FDA wanaweza kumpigia simu. Usajili huhuishwa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kati ya 1 Oktoba na 31 Desemba. Ukipitiliza, unafutwa.

Tahadhari: FDA hawatoi cheti cha usajili. Karatasi zenye muhuri wa dhahabu zinazouzwa kwa mamia ya dola ni za kampuni binafsi. Unaweza kuilipa kampuni ikusaidie kujaza fomu, ila ujue unalipia msaada.

Hatua ya 2: Pima bidhaa kabla ya kuifunga

Kwa viungo, pima vijidudu vya salmonella na madini ya risasi. Kwa korosho, karanga na unga wa mahindi, pima sumukuvu. Kikomo cha Marekani ni sehemu 20 kwa bilioni. Sampuli itoke kwenye bechi ile ile inayosafiri, na namba ya bechi iandikwe kwenye majibu ya maabara.

Usiione hii kama gharama ya kuruka. Kiwanda ambacho bidhaa yake imekutwa na salmonella kinaweza kuingizwa kwenye orodha ya tahadhari ya FDA, na kuanzia hapo kila mzigo wake unazuiwa bandarini bila hata kufunguliwa, hadi mwenyewe athibitishe kuwa ni safi. Kutoka kwenye orodha hiyo ni kazi ya miezi mingi.

Hatua ya 3: Lebo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo soma taratibu. Lebo iwe kwa Kiingereza. Kiswahili kiweke pia ukipenda, na mimi hupenda, wateja wengi wa maduka yale ndicho wanachokitafuta kwa macho. Ukitumia lugha mbili, kila maelezo ya lazima yaonekane kwa zote mbili.

Yasiyokosekana:

1. Jina la kawaida la chakula, mbele. "Pilau Masala" peke yake haitoshi. Ongeza kwamba ni mchanganyiko wa viungo.
2. Uzito bila kifungashio, kwa gramu na kwa aunsi, sehemu ya chini ya uso wa mbele. Gramu 100 ni aunsi 3.5.
3. Viambato vyote, kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo.
4. Vizio, yaani vyakula vinavyowadhuru wenye mzio. Viko tisa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu za miti, karanga, ngano, soya, na tangu 1 Januari 2023, ufuta. Korosho ni njugu ya mti, na jina lake litajwe.
5. Jina na anwani ya mtengenezaji au msambazaji.
6. Nchi bidhaa inakotoka, kwa mfano "Product of Tanzania".
7. Jedwali la lishe kwa mfumo wao. Chai, kahawa na viungo vikavu ambavyo virutubisho vyake ni kidogo mno kwa kawaida vimesamehewa. Korosho hazijasamehewa.

Tarehe andika mwezi kwa herufi. Kwetu 05/06 ni tano Juni. Kwao ni sita Mei.

Kosa kubwa kuliko yote: kuandika kwamba bidhaa inatibu. Nimeona pakiti nzuri kabisa ya unga wa mlonge, imefungwa vizuri, picha safi, na nyuma yake imeandikwa inashusha sukari, inaondoa presha, inasaidia wenye vidonda vya tumbo. Kwa sheria ya Marekani, sentensi hizo zimeshaigeuza pakiti ile kuwa dawa, na dawa isiyoidhinishwa haipiti. Andika ni unga wa majani ya mlonge. Basi.

Mtumie wakala wa shemeji lebo kwa picha kabla ya kuchapa. Marekebisho kwenye kompyuta ni ya nusu saa. Kubandika stika juu ya pakiti elfu kumi ndani ya ghala la Houston, kwa ujira wa saa wa huko, kunaweza kumeza faida yote.

Hatua ya 4: Kubalianeni bei inaishia wapi

FOB Dar es Salaam maana yake wewe unalipa hadi mzigo upandishwe melini hapa. Kuanzia hapo gharama na hatari ni za shemeji. CIF maana yake unalipa pia nauli na bima hadi bandari ya huko, lakini hatari inahama pale pale mzigo unapopanda meli. Wengi hudhani kwenye CIF wanawajibika hadi mwisho, au mnunuzi ndiye anayedhani hivyo, halafu undugu unaingia doa.

Chagueni pia namba ya HS ya kila bidhaa, ile forodha wanayoitumia kuitambua na kupanga ushuru, pamoja na wakala wa huko. Korosho mbichi zilizobanguliwa ni 0801.32. Ukishazikaanga zinahamia 2008.19. Viwango vya ushuru vya Marekani vimebadilika mara nyingi tangu 2025, kwa hiyo bei mliyopewa mwaka jana isiwaongoze.

Hatua ya 5: Katoni, unyevu na paleti

Mzigo wangu wa kwanza niliufunga kwenye katoni za karatasi tatu (3-ply), zile za bei rahisi, na niliupakia katikati ya masika. Siku paleti, yale majukwaa ya kupangia katoni, zilipofunguliwa, mnunuzi alinipigia video. Akabonyeza katoni ya juu kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye mkate uliochovywa chai. Pakiti za ndani zilikuwa nzima, lakini lebo zimejikunja na zina madoa ya kahawia. Theluthi ya mzigo iliuzwa kwa bei ya hasara.

Maji yale hayakutoka baharini. Kontena hutoa jasho. Mchana bati linapata moto na unyevu uliomo kwenye katoni, mbao na sakafu unapanda hewani. Usiku bati linapoa, unyevu unageuka matone darini na kudondoka. Kwa wiki nane. Kwa hiyo:

- Tumia katoni za karatasi tano (5-ply), zilizokaa ghala kavu. Kama ni masika, usifunge siku ya mvua.
- Ndani ya kila katoni tandika mfuko mkubwa wa nailoni, pakiti ziingie, ufungwe juu. Kwenye kontena la kuchangia hujui jirani yako ni nani. Chai iliyokaa karibu na sabuni ya unga itanuka sabuni.
- Juu ya paleti weka karatasi ngumu ya katoni, kisha nailoni, ndipo uzungushie nailoni ya kuvuta hadi ishike paleti yenyewe.
- Kama kontena ni lako peke yako, tundika ukutani mifuko ya kloridi ya kalsiamu, inayonyonya unyevu. Ile ya silika midogo ya kwenye viatu haitoshi.

Paleti za mbao lazima ziwe zimetibiwa kwa joto, nyuzi 56 hadi kiini cha mbao kwa dakika 30, na zipigwe muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi TZ, namba ya aliyetibu na HT. Muhuri uonekane kwa nje. Usikubali "hizi zimetibiwa, muhuri umefutika tu." Muhuri uliofutika ni sawa na hakuna, na mzigo unaweza kurudishwa kwa gharama yenu. Paleti za plastiki hazihitaji muhuri.

Namna ya kupanga: katoni ya sentimita 40 kwa 30, kimo 30, kwenye paleti ya 120 kwa 100. Safu ya kwanza katoni nne zilale kwa upana wa 30, safu mbili zinazofuata katoni tatu tatu kwa upana wa 40. Zinaingia kumi barabara, bila kuning'inia ukingoni. Tabaka linalofuata lipange vivyo hivyo, kona juu ya kona. Watu hupenda kupishanisha kama matofali, lakini nguvu ya katoni iko kwenye kona zake. Ukizipishanisha, za chini zinabonyea.

Hatua ya 6: Uliza nauli ukiwa na vipimo

Kontena la kuchangia hulipiwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, au kwa tani, kipi ni kikubwa. Katoni yetu ni 0.40 × 0.30 × 0.30, sawa na CBM 0.036. Katoni 200 ni CBM 7.2. Kila moja ikiwa na kilo 12, uzito ni tani 2.4. Utalipia ujazo.

Lakini si 7.2. Paleti ya tabaka nne ina kimo cha sentimita 135 pamoja na mbao zake, sawa na CBM 1.62, paleti tano ni 8.1. Tabaka tano: paleti nne, CBM 7.92. Ukimpa wakala hesabu ya katoni bila paleti, ankara ya mwisho itakuja na tofauti na mtalaumiana bure.

Omba bei ikionyesha kila kitu: ghala la Dar, bandari, nauli, ghala la kule, nyaraka. Nauli ndogo ya kuvutia mara nyingi hufuatwa na gharama nene upande wa kupokea, na atakayeshtuka ni shemeji.

Hatua ya 7: Nyaraka zilingane

Ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena, ile inayoitwa BL bandarini, ziseme kitu kimoja: idadi ya katoni, uzito, majina, anwani. Kabla BL haijatoka utaletewa rasimu. Isome neno kwa neno, ukiwa umekaa. Safari moja uzito wangu uliandikwa kilo 24,000 badala ya 2,400. Sifuri ile moja ilitugharimu siku tisa na ada ya marekebisho, kwa sababu rasimu niliipitisha nikiwa ndani ya daladala.

Kama hamjalipana, usitoe BL halisi wala kuruhusu mzigo uachiwe kwa barua pepe. Hata kwa shemeji.

Hatua ya 8: ISF na taarifa ya FDA

ISF, taarifa ya mzigo inayopelekwa forodha ya Marekani, hujazwa na mwagizaji saa 24 kabla mzigo haujapakiwa kwenye meli iendayo Marekani. Kuchelewa kunaweza kuleta faini ya dola 5,000. Mtumie shemeji taarifa zote wiki moja kabla.

Nyingine ni taarifa ya awali ya FDA, inayopelekwa kabla chakula hakijafika, kwa meli si chini ya saa nane. Inataka namba ya usajili ya kiwanda chako. Wakala wa huko huijaza, ila muulize mwenyewe: "Namba ya uthibitisho ni ipi?" Akikupa namba, imefanyika.

Hatua ya 9: Siku ya kupakia

Piga picha kila paleti pande nne, na mihuri yake. Kama kontena ni lako, ingia ndani, wafunge milango, ukae dakika moja gizani. Ukiona mwanga, kuna tundu. Vuta pumzi: harufu ya dawa, ngozi au samaki, likatae. Sakafu ikiwa na unyevu, likatae. Kontena zima linahitaji pia uzito uliothibitishwa, VGM, sharti la tangu 1 Julai 2016; bila huo halipandi meli.

Lipa bima. Kata ya hatari zote, kwa asilimia 110 ya thamani ya ankara. Hata mzigo wako ukifika mzima, meli ikipata ajali mwenye meli anaweza kuwachangisha wenye mizigo wote, kama ilivyofanyika baada ya Ever Given kukwama Suez Machi 2021. Asiye na bima huwekwa kusubiri hadi atoe dhamana.

Mambo yakienda mrama

*Meli imeondoka bila mzigo wangu.* Hutokea sana. Uliza meli inayofuata na tarehe mpya ya kufika, kisha wakala wa huko arekebishe ISF na taarifa ya FDA.

*FDA wameuzuia mzigo.* Si mwisho. Soma sababu iliyoandikwa. Kama ni lebo, mwagizaji anaweza kuomba ruhusa ya kuirekebisha huko huko. Kama wanataka sampuli, peleka majibu yako ya maabara ya bechi hiyo. Usiruhusu shemeji auze hata katoni moja kabla ya kuachiwa. Hapo ndipo adhabu zinapoanza.

*Forodha wamelichukua kontena kulipekua.* Kwenye kontena la kuchangia huenda anayetafutwa ni jirani. Gharama bado mtagawana. Weka akiba kwenye bei yako.

*Siku za bure za ghala zinaisha.* Karibu kila mara chanzo ni karatasi iliyochelewa. Nakala za vyeti vyote zimfikie wakala wa huko meli ikiwa bado baharini.

*Katoni zimefika zimelowa au kupondeka.* Shemeji asitie saini ya kupokea bila kuandika kasoro kwenye karatasi hiyo hiyo. Apige picha kabla ya kushusha. Kama uharibifu hauonekani kwa nje, taarifa ya maandishi impate msafirishaji ndani ya siku tatu, na kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Kesi dhidi ya mwenye meli ina mwaka mmoja tu, kuanzia siku mzigo ulipokabidhiwa.